Namna ya Kuandika Programu za Kompyuta kwa Kihindi badala ya Kiingereza, na Mahali Inapofaa Kufanya Hivyo

Swali la kama programu za kompyuta zinaweza kuandikwa kwa Kihindi badala ya Kiingereza huulizwa mara kwa mara, na aghalabu hujibiwa vibaya, kwa sababu anayeuliza na anayejibu wote huwa wanafikiria maneno ya amri peke yake, yaani yale maneno kama `if`, `while` na `return` ambayo lugha ya programu imejiwekea. Python ina maneno ya namna hiyo 35, na lugha ya C katika kiwango chake cha mwaka 1989 ilikuwa nayo 32. Mwanafunzi wa Patna au Bhopal, nchini India, asiyejua Kiingereza anaweza kuyakariri yote kama anavyokariri alama za hisabati, kwani hayanyambuliwi wala hayana upatanisho wa kisarufi, na `while` hubaki ilivyo katika kila programu. Kinachomchosha ni yale mengine yote: majina ya thamani na ya funksheni (vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja), maelezo yanayoandikwa kando ya msimbo, ujumbe wa makosa, kitabu cha mafunzo, na maneno ambayo programu yenyewe inamwonyesha mtumiaji. Hayo hayana idadi, na ndiyo yanayobeba maana ya kazi.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye maana na kuyaweka maneno ya amri karibu na mwisho. Anayetaka kufundisha au kuandika programu kwa Kihindi akifuata mpangilio huo atapata faida kubwa mapema, na huenda akagundua kwamba hana haja ya kuyagusa maneno ya amri hata kidogo.

Nani anafaidika

Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu wapatao milioni 528, sawa na asilimia 43.63 ya wakazi wote, waliandikishwa kuwa Kihindi ndicho lugha yao ya mama, ilhali waliotaja Kiingereza walikuwa kama 260,000 tu. Idadi hiyo ya Kihindi isomwe kwa tahadhari, kwa maana ndani yake zimejumlishwa lugha kama Kibhojpuri na Kirajasthani, na mtoto wa Kibhojpuri anapoingia darasani tayari Kihindi cha kitabuni ni lugha ya pili kwake. Kumwongezea Kiingereza ndipo ajifunze kurudiarudia amri ni kumtwisha lugha tatu kwa somo moja.

Serikali ya India imekwisha kuliona jambo hili kwa upande wa elimu. Sera ya Taifa ya Elimu ya mwaka 2020 inataka lugha ya nyumbani itumike kufundishia angalau hadi darasa la 5 pale inapowezekana, na sera hiyohiyo inataka uandishi wa programu uanze katika madarasa ya kati, kuanzia darasa la 6. Mwaka 2021 baraza la elimu ya ufundi, AICTE, liliruhusu vyuo kufundisha uhandisi kwa lugha za Kihindi na nyinginezo za nchi hiyo. Upande wa utafiti, Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa watumiaji wa Scratch, lugha ya programu ya kufundishia watoto, na wakaona kwamba wanaoanza kujifunza wakiwa na maneno ya programu katika lugha kuu ya nchi yao huanza kutumia dhana mpya haraka kuliko wenzao wa nchi hizohizo wanaotumia Kiingereza.

Hata hivyo India si Kihindi peke yake. Nyongeza ya Nane ya katiba inataja lugha 22, na katika jimbo la Tamil Nadu upinzani dhidi ya kulazimishwa Kihindi una historia inayoanzia mwaka 1937. Programu iliyoandikwa kwa Kihindi mjini Lucknow, ikipelekwa kwa wahandisi wa Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, inaweza kuwa ngumu kwao kuliko ile ya Kiingereza. Wanaofaidika hasa, kwa maoni yangu, ni wa aina tatu: wanaoanza kujifunza, walimu wa shule zinazofundisha kwa Kihindi, na watu wanaojiandikia programu ndogo za kazi zao za kila siku, kama vile hesabu za ghala la nafaka au orodha ya wanachama wa ushirika. Anayeandika maktaba ya programu itakayotumiwa duniani kote hayumo humu, na hapana sababu ya kumlazimisha aingie.

Maandishi na kibodi kwanza

Kihindi huandikwa kwa Devanagari, na ndani ya Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, hati hiyo imepewa nafasi 128, kuanzia U+0900 hadi U+097F. Jambo la kwanza la kufanya ni kuhakikisha kwamba kila faili ya msimbo inahifadhiwa kwa UTF-8, namna ya kawaida ya kuhifadhi herufi za Unicode. Tahadhari hii si ya bure, kwani ofisi nyingi za kaskazini mwa India zimetumia kwa miaka mingi fonti kama Kruti Dev, ambazo kwa kweli huhifadhi herufi za Kilatini na kuzichora kwa sura ya Devanagari. Maandishi ya namna hiyo yakibandikwa ndani ya programu hugeuka kuwa mchanganyiko wa herufi zisizosomeka, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoyaokoa isipokuwa kuyapitisha kwenye kigeuzi cha kuyaleta katika Unicode.

Kibodi ndiyo kikwazo kinachowakatisha tamaa watu wengi zaidi, nacho hakisemwi sana. Mpangilio rasmi wa India unaitwa INSCRIPT, nao huja pamoja na Windows, macOS na Linux. Irabu ziko upande wa mkono wa kushoto na konsonanti upande wa kulia, na mtu akiuzoea huandika Kihindi kwa kasi nzuri. Lakini uliundwa kwa ajili ya barua, haukuundwa kwa ajili ya msimbo. Kitufe cha alama ya kulinganisha, `=`, hutoa alama ya irabu ृ; vitufe vya mabano ya mraba hutoa ड na nukta ya chini; nukta mkato hutoa च; alama ya nukuu hutoa ट; na mstari wa chini, ambao waandishi wa Python hawawezi kuishi bila huo, umekaliwa na visarga, ः. Kwa hiyo kila mstari wa msimbo humlazimu mwandishi kubadili kibodi mara kadhaa.

Kuna njia mbili za kulipunguza tatizo hili. Ya kwanza ni kuweka kitufe kimoja tu cha kubadilishia kibodi, kilicho karibu na kidole, na kuzoea kuandika alama zote kwa mpangilio wa Kiingereza. Ya pili ni kutumia njia ya kuandika kwa sauti, ambapo mtu huandika `namaste` kwa herufi za Kilatini na kompyuta ikamwandikia नमस्ते. Mimi nampendekezea anayeanza njia ya pili, na anayekusudia kuandika Kihindi kingi kila siku ajifunze INSCRIPT, kwani njia ya sauti humkatiza kila inapobahatisha neno lisilokusudiwa.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuandika Kihindi kwa herufi za Kilatini, kama wanavyoandikiana kwenye simu: `kul_rashi`, `naam`, `umra`. Njia hii inafaa kwa programu fupi ya mtu mmoja. Inapoingia timu ndipo inapoharibika, maana kila mtu ana tahajia yake, na `nahi`, `nahin` na `nahee` zote ni neno moja. Baya zaidi, `kam` inaweza kuwa कम, yaani kidogo, au काम, yaani kazi, na kompyuta haitamuuliza mwandishi alikusudia lipi.

Majina ya thamani na funksheni

Hapa ndipo Kihindi kinapolipa. Tangu Python 3.0 ilipotolewa mwezi Desemba 2008, majina ya vigeu (yaani majina yanayobeba thamani) na funksheni yanaweza kuandikwa kwa Devanagari bila kuongeza chochote. Tazama kipande hiki kinachohesabu thamani ya nafaka iliyouzwa:

```
मात्रा = float(input("मात्रा, क्विंटल में: "))
दर = float(input("दर, ₹ प्रति क्विंटल: "))
कुल_राशि = मात्रा * दर
if कुल_राशि > 100000:
    print("बड़ा सौदा:", कुल_राशि)
else:
    print("कुल राशि:", कुल_राशि)
```

Maneno ya amri yaliyomo ni mawili tu, `if` na `else`, na funksheni zilizokuja na Python ni tatu. Yaliyobaki, yaani kiasi, bei ya kila kwintali (kilo 100) na jumla ya fedha, yamo katika maneno ambayo mkulima wa Uttar Pradesh au mtoto wake anayatumia sokoni. Mwanafunzi anayesoma mstari wa tatu anaiona kanuni ya hesabu ilivyo, bila kupitia `quantity` wala `rate`.

Katika kuchagua majina, chanzo kizuri ni kitabu cha hisabati cha shule kilichoandikwa kwa Kihindi, kwa sababu mwanafunzi amekwisha kukutana na maneno yake: चर kwa kigeu, फलन kwa funksheni, समीकरण kwa mlinganyo. Tume ya Istilahi za Sayansi na Ufundi, iliyoundwa mwaka 1961, imetoa istilahi nyingi, lakini baadhi yake zimefinyangwa kutoka Kisanskriti kiasi kwamba hakuna anayezisema. Rasmi kompyuta ni संगणक, ilhali mitaani, darasani na dukani ni कंप्यूटर. Neno la mkopo linalojulikana na kila mtu ni bora kuliko neno safi linalohitaji kamusi, na anayefuata usafi wa lugha hadi mwisho atajikuta amemwondolea mwanafunzi Kiingereza akamletea Kisanskriti.

Tofauti kati ya nomino na kitenzi isaidie pia. Thamani ipewe jina la nomino na funksheni ipewe kitenzi katika kauli ya kuamuru, kwa mfano जोड़ kwa jumla na जोड़ो kwa tendo la kujumlisha. Kiambishi cha mwisho kinamwambia msomaji papo hapo kama anatazama kitu au tendo, jambo ambalo Kiingereza hakilionyeshi katika neno kama `sort` au `count`. Neno कल liepukwe kabisa katika programu za tarehe, kwani hutumika kwa jana na kwa kesho vilevile. Katika mazungumzo kitenzi huondoa utata huo, lakini jina la kigeu halina kitenzi. Mtu aandike बीता_कल na आने_वाला_कल, ingawa ni marefu.

Herufi zinazofanana machoni na kutofautiana ndani

Ningemshauri msomaji asiruke sehemu hii, kwa kuwa makosa yake hayaonekani kwa macho. Neno जोड़ lililotajwa hapo juu lina herufi ड़, na herufi hiyo inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama alama moja, U+095C, au kama alama mbili zinazofuatana, yaani ड ya kawaida, U+0921, pamoja na nukta ya chini, U+093C. Kwenye skrini zinafanana sawasawa. Python huyasawazisha majina ya vigeu kabla ya kuyalinganisha, hivyo kigeu kilichoandikwa kwa namna ya kwanza kitatambuliwa hata kikiandikwa kwa namna ya pili. Maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu hayasawazishwi. Mwandishi akihifadhi "जोड़" kama ufunguo wa kamusi ya Python kutoka kibodi moja, kisha mtumiaji akaliandika neno hilohilo kutoka kibodi nyingine, programu itajibu kwamba neno halipo, na hakuna kiasi cha kukodoa macho kitakachoonyesha sababu. Dawa yake ni kupitisha kila maandishi yanayoingia kwenye `unicodedata.normalize("NFC", ...)` kabla ya kuyalinganisha au kuyahifadhi, na NFC huigawa herufi hii katika alama mbili kila mara.

Usawazishaji huo hautibu tofauti za tahajia. Jina la lugha yenyewe huandikwa हिंदी au हिन्दी, na zote mbili zinakubalika kwa wasomaji, lakini kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Tahajia iliyosanifiwa na Kurugenzi Kuu ya Kihindi inapendelea ile ya kwanza, yenye nukta ya juu, na timu ifanye vyema kuifuata katika majina yote. Ikiwa data inatoka kwa watu wengi, kama majina ya vijiji au ya watu, programu iwe na kanuni yake ya kuyapatanisha.

Urefu wa neno nao una mambo yake. Neno हिन्दी machoni lina silabi mbili, Python husema `len` yake ni 6, na katika UTF-8 linachukua baiti 18, kwa kuwa kila alama ya Devanagari huchukua baiti 3. Zile sita ni ह, alama ya irabu ि, न, alama ya kuua irabu iitwayo halanti, द, na alama ya irabu ी. Zoezi maarufu la wanaoanza, la kugeuza neno liwe kinyumenyume, hutoa upuuzi: neno lililogeuzwa linaanza na alama ya irabu isiyo na konsonanti ya kuikalia, na skrini huichora juu ya kiduara cha nukta. Mwalimu anaweza kuliacha zoezi hilo, au akalitumia kueleza jinsi kompyuta inavyohifadhi maandishi, na mimi naona hilo la pili ni somo zuri kuliko zoezi lenyewe. Anayehitaji kukata neno kwa silabi atumie `Intl.Segmenter` katika JavaScript, au maktaba ya `regex` ya Python pamoja na alama yake ya `\X`.

Mambo ya baiti hujitokeza hata kwenye hifadhidata. PostgreSQL hukubali majedwali na safu zenye majina ya Kihindi, ila jina lisizidi baiti 63, na hizo ni alama 21 tu za Devanagari, zikiwemo za irabu. Jina refu zaidi hukatwa.

Lugha zipi za programu zinakubali

Python, Java na JavaScript zinakubali majina ya Kihindi bila taabu. Kwa Java ya kabla ya toleo la 18 la mwaka 2022 ni salama kumwelekeza mkusanyaji, yaani programu inayougeuza msimbo uweze kutekelezwa, kwa `-encoding UTF-8`. Rust imeyaruhusu rasmi tangu toleo la 1.53 la mwaka 2021, na GCC, mkusanyaji wa lugha ya C, anasoma majina ya UTF-8 moja kwa moja tangu toleo la 10.

Go ni habari nyingine. Kanuni zake huruhusu herufi na tarakimu katika majina, lakini haziruhusu alama za kuambatana, na alama za irabu za Kihindi ziko katika kundi hilo. दर itapita kwa sababu haina alama hata moja, मात्रा itakataliwa. Zaidi ya hayo, Go hutambua kitu kinachoruhusiwa kutumiwa nje ya kifurushi chake kwa herufi kubwa ya mwanzo, na Devanagari haina herufi kubwa wala ndogo. Ruby nayo hudai jina la klasi lianze na herufi kubwa, hivyo klasi ya Kihindi haiwezekani bila kubandikwa herufi ya Kilatini mbele. Anayetaka kufanya kazi kwa Kihindi aziache lugha hizi mbili.

Kwa watoto wadogo, programu za vipande vinavyopangwa kwa kipanya ndizo nyepesi, kwa kuwa kibodi haihitajiki sana. Blockly, iliyoanzishwa na Google, imetafsiriwa kwa Kihindi, na tovuti ya code.org ina masomo kwa lugha hiyo.

Maneno ya amri, kwa anayesisitiza

Anayetaka na amri nazo ziwe za Kihindi ana njia kadhaa. Iliyo rahisi kabisa ni kuzipa funksheni za Python majina mapya katika faili moja, tuseme `hindi.py`:

```
छापो = print
पूछो = input
दशमलव = float
```

Kisha kila programu ianze na `from hindi import *`. Dosari yake ni kwamba kosa likitokea, Python itamtaja `print` asiyemjua mwanafunzi, na njia hii haiwezi kubadilisha `if` wala `while`. Kwa hayo, mtu anaweza kuandika kigeuzi kidogo kinachotumia moduli ya `tokenize` kusoma msimbo neno kwa neno na kubadilisha अगर kuwa `if` na वरना kuwa `else` kabla ya kuutekeleza. Asitumie ubadilishaji wa kawaida wa maandishi, kwani utabadilisha hata yaliyomo ndani ya alama za nukuu, na ujumbe uliokusudiwa kwa mtumiaji utatoka umechanganyika na amri. Wasiotaka kujijengea wanaweza kutumia Hedy, lugha ya kufundishia iliyoanzishwa na Felienne Hermans mwaka 2020, ambayo ina maneno ya amri ya Kihindi na humpandisha mwanafunzi ngazi kwa ngazi hadi kufikia Python. Uwepo wa mlango huo wa kutokea ni jambo zuri, maana lugha ya programu isiyompeleka mwanafunzi popote humwacha na ujuzi usio na mahali pa kutumika.

Kutafsiri amri neno kwa neno kuna mitego. Kwa `while` wengi huchagua जब तक, na ni sahihi, kwa maana ya kwamba jambo liendelee maadam sharti ni kweli. Lakini Mhindi anapozungumza hupenda kuweka न ndani yake: जब तक गिनती 10 न हो, yaani mpaka hesabu ifike 10. Sharti limegeuka kinyume. Mwanafunzi anayeongozwa na sikio lake ataandika mzunguko usioanza kabisa au usiokoma, na mwalimu atadhani hajaelewa mizunguko ilhali ameelewa vizuri kabisa, ila lugha mbili za mantiki zimegongana. Jambo hili lifundishwe waziwazi siku ya kwanza ya mizunguko.

Mpangilio wa maneno nao una neno lake. Katika Kihindi kitenzi huja mwishoni, hivyo `print(x)` iliyotafsiriwa kuwa छापो(x) inasikika kama amri iliyosemwa kinyumenyume. Lugha ya zamani ya Forth, ambayo vitu hutangulia na tendo hufuata, na ambayo hukubali karibu jina lolote mradi limetengwa kwa nafasi, ingekaa vizuri zaidi mdomoni mwa Mhindi: `5 3 जोड़ो`. Ni jambo la kupendeza, ingawa sitamshauri mtu aanzie huko, kwa kuwa vitabu na wenzake wote wako kwingine. Vivyo hivyo dai linalorudiwa nchini India kwamba Kisanskriti ndiyo lugha bora ya kompyuta lisimpotoshe mtu; limetokana na makala ya Rick Briggs ya mwaka 1985 kuhusu namna ya kuwakilisha maarifa katika akili bandia, na haikuhusu kuandika programu kwa Kisanskriti.

Ujumbe wa makosa wa Python yenyewe hubaki kwa Kiingereza. Njia inayofanya kazi ni kumpa mwanafunzi ukurasa mmoja wenye maelezo ya Kihindi ya makosa anayokutana nayo kila siku, kama `NameError`, `SyntaxError`, `IndentationError`, `TypeError` na `ValueError`, na kumzoeza kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe kabla ya mingine.

Maneno yanayomfikia mtumiaji

Hata mwandishi anayebaki na Kiingereza katika msimbo wake wote atahitaji Kihindi sahihi kwenye skrini. Aamue mapema kiwango cha heshima. Kwa darasa la watoto छापो ya kirafiki inatosha, lakini programu ya benki au ya ofisi ya serikali inayomwambia mzee wa watu चुनो (chagua, ya kirafiki) badala ya चुनिए (chagua, ya heshima) itaonekana haina adabu. Kitenzi hubadilika pia kwa jinsia ya mtumiaji, na iwapo programu haijui jinsia hiyo, ni afadhali sentensi igeuzwe ili itaje kitu kuliko mtu.

Idadi huleta hila nyingine. Katika data za CLDR, hazina ya kanuni za lugha za dunia ambayo programu nyingi huitegemea, Kihindi kina makundi mawili ya idadi, na sifuri imewekwa pamoja na moja, tofauti na Kiingereza. Anayenakili kanuni ya Kiingereza ataandika sentensi yenye kosa kila orodha inapokuwa tupu.

Kuhusu tarakimu, msimbo wenyewe uandikwe kwa 0 hadi 9, kwani Python itakataa १२ ikiwa ni namba ndani ya msimbo. Hili lisionekane kuwa ni kuisaliti lugha: kifungu cha 343 cha katiba ya India, kinachokifanya Kihindi cha Devanagari kuwa lugha rasmi ya Muungano, kinaagiza hapohapo kwamba tarakimu ziwe za mtindo wa kimataifa. Mtumiaji akiandika "१२" kwenye kisanduku hakuna tatizo, maana `int` na `float` za Python huzisoma tarakimu za Devanagari zikiwa maandishi. Fedha zitenganishwe kwa laki na kerori (milioni 10), na katika JavaScript `(1234567).toLocaleString("hi-IN")` hutoa 12,34,567 bila kazi ya ziada. Na ikiwa programu inatuma ujumbe mfupi wa simu, mwandishi akumbuke kwamba ujumbe mmoja wa Kilatini huchukua herufi 160, lakini wa Devanagari huchukua alama 70 tu, na kila alama ya irabu huhesabiwa peke yake.

Programu inapobidi kwenda kwa wengine

Ikitokea kwamba programu iliyoandikwa kwa Kihindi inahitajika na timu isiyojua Kihindi, majina yabadilishwe kwa kutumia kifaa cha kubadilishia majina kilicho ndani ya kihariri cha msimbo, kile kinachoielewa lugha ya programu. Kutafuta na kubadilisha kwa kawaida ni hatari, kwa sababu दर imo pia ndani ya दरवाज़ा, na कर imo ndani ya करो. Wala mtu asidhani atajinusuru kwa kutafuta maneno mazima kwa moduli ya kawaida ya `re`: alama yake ya `\w` haizihesabu alama za irabu kuwa sehemu ya neno, na ukimtaka akupe maneno yaliyomo katika हिन्दी atakurudishia vipande vitatu, ह, न na द. Moduli ya `regex`, ambayo huwekwa kando, haina kasoro hiyo. Pamoja na msimbo iwekwe faili ya orodha inayoonyesha kila jina la Kihindi, maana yake na jina lake jipya, na orodha hiyo ianze kuandikwa siku programu inapoanzwa, kwani aliyebuni jina la ufupisho kama कु_रा ndiye pekee atakayekumbuka lilisimamia nini.